Karatasi Namba Arobaini na Sita

Watu wanne walikuwa wamekwisha kuapa kwamba kikao cha bodi kilifanyika, na maelezo yao yalifanana hadi mahali pa kuweka koma. Inspekta aliyasoma mara mbili akiwa garini, akayarudisha kwenye jalada na kulifunga kwa hasira.

"Hawa wamefundishwa pamoja kama kwaya," alisema.

"Kwaya huwa na mmoja anayetoka nje ya sauti, afande," koplo alijibu, macho yake barabarani. "Hawa hata pumzi wamevuta pamoja."

Koplo alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu, na mtu aliyebakiza miezi mitano husema anachotaka. Inspekta alimzidi cheo, yeye akamzidi Inspekta miaka ishirini, kwa hiyo koplo alimwita mwenzake afande na Inspekta akamwita mzee, na kazi ikaenda.

Kazi yenyewe ilikuwa chungu. Siku kumi na mbili zilizopita bweni la wasichana la kituo cha kulelea watoto lilishika moto. Mlezi wa zamu, mwanamke ambaye watoto wote humwita Shangazi, alitoa wasichana kumi na tisa kwa mlango wa mbele, akiwabeba na kuwasukuma, mpaka paa likaporomoka. Wanne walikimbilia mlango wa nyuma. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa kufuli, kwa nje. Walikutwa hapo hapo, mmoja juu ya mwingine, na mdogo wao alikuwa na miaka sita.

Sasa Shangazi alikuwa mahabusu, mikono yote miwili imefungwa bendeji, anasubiri kupandishwa kizimbani kesho saa tatu asubuhi kwa kuua bila kukusudia. Na kilichompeleka huko si moto. Ni karatasi moja. Ilitoka kwenye kitabu cha mihtasari cha bodi ya kituo, kikao cha tarehe kumi na nne mwezi wa sita, na maneno yake Inspekta alikuwa ameyashika kwa moyo: Bodi iliagiza mlango wa nyuma wa bweni usifungwe kamwe kwa kufuli watoto wakiwa ndani. Mlezi aliitwa kikaoni, akaelezwa, akakubali. Chini yake, saini tano.

Shangazi alikana. Alisema hajawahi kuitwa kwenye kikao chochote tangu aajiriwe. Kufuli lililetwa na mwenyekiti mwenyewe mwezi wa tano, baada ya wasichana wawili kutoroka, akaagiza lifungwe kila usiku, akisema watoto wakizurura jina la kituo litachafuka.

"Kuna mtu yeyote ulimwambia?" Inspekta alikuwa amemuuliza jana.

Shangazi alitazama bendeji zake muda mrefu. "Yupo mmoja nilimwambia. Lakini huyo mwacheni. Ni mtu mzima, na amenifaa sana."

Hata alipobanwa hakumtaja. Mwendesha mashtaka naye alikuwa amekata kauli: Inspekta alete kitu cha kuivunja ile karatasi kabla ya saa kumi na mbili jioni, la sivyo mashtaka yanakwenda kama yalivyo. Sasa ilikuwa saa nne na robo.

Ofisi ya kituo ilikuwa hatua thelathini kutoka kwenye bweni lililoungua. Madirisha yalikuwa yamefungwa, lakini ile harufu ya godoro lililoungua ilikuwa imeingia hata kwenye mapazia. Ukutani kulitundikwa picha ya wajumbe watano wa bodi wakitabasamu, na chini yake maneno ya rangi ya dhahabu: Uwazi, Uwajibikaji, Upendo. Koplo aliyasoma kwa sauti, neno moja moja, kisha akageukia dirisha lililoelekea bweni na kukohoa.

Mwenyekiti aliwapokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mrefu, msafi, sauti yake ya chini, na kila kilichopita mbele yake alikisoma. Inspekta alimpa hati ya upekuzi; aliisoma mbele na nyuma, akaisoma tena, ndipo akaitia saini ya kupokea.

"Nakala mnayo tayari," alisema.

"Ninataka kitabu chenyewe."

"Katibu atakuletea. Lakini nikuambie jambo moja, Inspekta, maana naona unatafuta pa kwenda. Bodi haifungi milango. Bodi haishiki funguo. Sisi tunatoa mwelekeo, watendaji wanatekeleza. Mwelekeo tulitoa. Umeandikwa."

"Mlango ulikuwa na kufuli miezi mitatu. Mwenyekiti hukuwahi kupita nyuma ya bweni ukaliona?"

"Ninakuja hapa kwa vikao tu."

Katibu aliingia na kitabu kikubwa chenye jalada jeusi. Alikuwa kijeba mwenye shati lililolowa kwapani, na alikiweka mezani kana kwamba kinamuunguza. "Hiki hapa, shemeji," alimwambia mwenyekiti, kisha akauma ulimi.

"Shemeji?" koplo aliuliza kwa upole.

"Mke wangu ni dada yake," alisema mwenyekiti. "Si siri."

"Na mke wa mwenyekiti si ndiye mhazini wa bodi?"

"Ana shahada ya uhasibu."

"Na mjumbe wa nne?"

"Ni mshirika wangu kazini. Mtu mwaminifu sana."

Koplo alihesabu kwa vidole, akabakiwa na kidole kimoja. "Basi wa tano ndiye mgeni pekee nyumbani kwenu," alisema. "Mama Nesi."

Mwenyekiti hakucheka. Inspekta alikuwa amekwisha kufungua kitabu. Karatasi zake zilikuwa na namba za kiwandani, kila karatasi na yake, na kila kikao kilikuwa na karatasi moja: maneno juu kwa mkono wa katibu, saini tano chini. Kikao cha mwezi wa kwanza, karatasi namba arobaini na moja. Cha pili, arobaini na mbili. Akafululiza hivyo hadi mwezi wa nane, arobaini na nane. Akafunua tena. Hamsini na tatu.

Alipitisha ukucha kwenye mkunjo wa kitabu. Kulikuwa na visiki vinne vya karatasi, vimekatwa kwa wembe, vimenyooka.

"Karatasi nne zimekwenda wapi?"

"Ziliharibika," katibu alijibu upesi. "Nilimwagia chai."

"Chai ilimwagika kwenye karatasi nne tupu, na ya arobaini na nane na ya hamsini na tatu zikabaki kavu?"

Katibu alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti alitazama saa yake. "Inspekta, watoto wanne wamekufa na wewe unatuuliza habari za chai."

Maneno yalimchoma, na yalikusudiwa kuchoma. Inspekta aliandika stakabadhi ya kuchukua kitabu, akampa mwenyekiti asaini. Aliisoma yote, hata namba ya fomu pembeni.

Garini alikiweka kitabu magotini akaanza upya. Saini ya Mama Nesi ndiyo ilikuwa ya mwisho kila karatasi, na ndiyo iliyomkuna. Mwezi wa kwanza wino ulikuwa mweusi mzito. Wa tatu ulififia. Wa nne saini ilikuwa imepitiwa mara mbili juu kwa juu. Wa tano ulikuwa mkwaruzo mtupu. Kisha kuanzia mwezi wa sita, wino wa kijani kibichi, uleule aliousainia mwenyekiti mwaka mzima.

"Wamemghushi," alisema, na moyo wake ukaruka kwa furaha, mara ya kwanza tangu kesi ianze. "Mpaka mwezi wa tano alisaini mwenyewe. Kuanzia wa sita mwenyekiti amemsainia kwa kalamu yake. Mzee, tumewapata! Tumpelekee Mama Nesi kitabu aikane ile saini, basi, karatasi imekufa."

"Insha'Allah," koplo alisema, lakini hakukanyaga mafuta. "Alinizalishia watoto watatu, yule mama. Wa mwisho alikuja miguu kwanza. Sipendi kumpelekea habari hizi."

Mama Nesi ndiye aliyekuwa mkuu wa wauguzi katika hospitali ya mji kwa miaka mingi, na nusu ya mji ilianza kulia mikononi mwake. Bodini aliombwa aingie kwa ajili ya jina lake. Watu walichanga kwa sababu picha yake ilikuwa ukutani. Yeye peke yake hakuwa ametoa maelezo rasmi. Alipopigiwa simu siku ya tatu baada ya moto alijibu tu, "Kama imeandikwa hivyo, basi ndivyo."

Aliwafungulia mwenyewe. Nyumba yake ilikuwa ndogo, sakafu imepigwa deki mpaka inang'aa, na juu ya kabati kulikuwa na picha ya Shangazi akiwa amevaa joho la kuhitimu ulezi wa watoto. Inspekta aliiona kabla hajakaa. Mama Nesi alimwona akiiona.

"Mimi ndiye niliyemsomesha," alisema. "Na mimi ndiye niliyemwombea kazi pale. Anakula?"

"Analishwa, mama. Mikono haishiki kijiko."

Mama Nesi alikaa polepole. Miwani ilikuwa inaning'inia kifuani kwa uzi, lakini hakuivaa. Koplo alimsalimia shikamoo ndefu, akaulizwa habari za yule aliyekuja miguu kwanza, akajibu ni fundi umeme siku hizi. Baada ya hapo hapakuwa na la kuchelewesha.

Inspekta alifungua kitabu karatasi namba arobaini na sita, akakigeuza. "Mama, nitazamie hii saini. Usiharakishe. Ni yako?"

"Ni yangu."

"Hii ya kijani?"

"Mwanangu, saini yangu naijua. Huo mkia nimeuvuta miaka hamsini. Ni yangu."

Koplo alishusha pumzi. Furaha yote ya Inspekta ya garini ilikwisha papo hapo, ikabaki ile saa kumi na mbili jioni inamngoja.

"Kwa hiyo kikao kilikuwapo," Inspekta alisema.

"Kilikuwapo."

"Shangazi aliitwa, akaambiwa asifunge mlango?"

"Imeandikwa."

"Sikuulizi kilichoandikwa, mama. Nakuuliza ulichokiona. Alikaa wapi siku hiyo?"

"Watu wa umri wangu hatukumbuki viti."

"Alivaa nini?"

"Afande," koplo alinong'ona.

Inspekta hakumsikia. Alikuwa ameinamia karatasi, kidole kikifuata ule mkia ambao Mama Nesi alijivunia. Saini ilianzia chini ikapanda, na mkia wake ulipinda kuelekea juu mpaka ukaingia kwenye mstari wa mwisho wa maandishi ya katibu. Mstari huo ulikuwa umenyooka vizuri kutoka kushoto: Mlezi aliitwa kikaoni, akaelezwa. Halafu, hapo mkia ulipofika, neno akakubali lilikuwa limepanda juu, limebanwa, herufi zake zimekuwa ndogo, limeuzunguka ule mkia na kushuka tena upande wa pili.

Alifungua karatasi arobaini na saba. Huko maneno yalikuwa machache, na kati yake na saini kulibaki nafasi ya nusu karatasi, imepigwa mstari wa kukata. Arobaini na nne, hivyo hivyo. Ni namba arobaini na sita peke yake ambako katibu alikuwa na mengi ya kusema na nafasi ikamwishia.

"Mzee, njoo utazame hapa. Anayeandika huyu anafanya nini?"

Koplo aliinama. "Anaikwepa saini."

"Muhtasari huandikwa kwanza, watu wakasaini baadaye. Ameikwepaje saini ambayo haijawekwa?"

"Sijawahi kuona mtu akikwepa gari ambalo bado halijatoka kiwandani," koplo alisema, na safari hii hakuwa na utani usoni.

Inspekta alirudi mwezi wa kwanza, akafunua karatasi mbele ya yule mama moja baada ya nyingine, taratibu. "Kalamu yako, mama. Hapa ni nzima. Hapa imeanza kufifia. Hapa umerudia mara mbili. Hapa imekufa, imebaki kukwaruza. Nilidhani kalamu imekufa miezi mitano. Lakini nani duniani anatembea na kalamu mbovu kutoka mwezi wa tatu mpaka wa tano bila kuitupa? Kalamu hii imekufa kwa dakika moja. Ikafa mkononi mwako, na mwenyekiti aliyekuwa amekaa karibu nawe akakuazima yake. Siku ileile. Meza ileile."

Mama Nesi aliitazama karatasi.

"Na kuna karatasi nne zimekatwa. Mwezi wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja, wa kumi na mbili. Vikao ambavyo bado havijafanyika. Walizikata kwa sababu nikizikuta, nitakuta saini zenu chini na juu patupu. Niambie nimekosea."

"Kilikuwapo," Mama Nesi alirudia, lakini sauti ilikuwa imekauka. "Mimi ni mtu mzima. Siwezi kuitwa mwongo mezani kwangu."

Hapo Inspekta alichoka. Hakuwa na haki ya kumlazimisha, na huruma nayo ilimshika, kwa sababu alijua yule mama hakuwa mwizi wala muuaji. Alitoa fomu ya maelezo mkobani, akaisukuma mezani pamoja na kalamu.

"Sawa, mama. Tuyaandike kama unavyotaka. Jaza hapo juu jina lako na umri, mimi nitaandika yanayofuata."

Mama Nesi alichukua kalamu. Hakuvaa miwani. Aliivuta fomu, akashusha macho hadi chini kabisa, akasaini. Akavuta ule mkia, akaweka nukta, akairudisha.

Fomu ilikuwa nyeupe toka juu hadi chini, haina hata neno moja, na saini yake imekaa mguuni kama kawaida.

"Mama," Inspekta alisema kwa sauti ndogo, "umesaini nini?"

"Si ndiyo hayo... maelezo yangu."

"Maelezo gani? Sijaandika kitu."

Yule mama aliutazama mkono wake wa kulia. Aliutazama kama mkono wa mgonjwa aliyeletwa sasa hivi na hajulikani anaumwa nini. Kisha aliufunika kwa mkono wa kushoto, na mabega yake yakaanza kutetemeka. Koplo aliinuka akaenda jikoni kumletea maji, akakaa huko zaidi ya muda wa kujaza glasi.

"Mwezi wa kwanza," Mama Nesi alisema alipoweza kusema. "Tarehe kumi na moja. Tulikunywa chai, tukasifiana kwa mwaka uliopita. Kisha katibu akakipitisha kitabu. Mwenyekiti akasema kila mmoja ana shughuli zake, haina haja ya kusumbuana kila mwezi. Tusaini za mwaka mzima, yeye na katibu watajaza kila mambo yatakapojitokeza. Tulisaini mara kumi na mbili. Kalamu yangu ikaisha, tukacheka. Mwaka jana tulifanya hivyo hivyo. Na wa kabla yake."

"Hakuna aliyeuliza?"

"Mwenyekiti alikuwa mtu mwema, mwanangu. Alijenga kile kituo kwa jasho lake. Kumuuliza ingekuwa kama kumtukana." Alifuta uso kwa kiganja. "Miaka thelathini na nne hospitali sikumpa mgonjwa hata kidonge bila kusoma karatasi yake mara mbili. Hata vitamini. Pale niliona ni kazi ya kujitolea. Niliona nimekwenda kuwasaidia, sikuona kwamba nimekwenda kazini."

"Baada ya tarehe kumi na moja, mlikutana lini tena?"

"Hatukukutana. Tulikutana makaburini."

Inspekta aliikunja ile fomu tupu, akaichana vipande vinne mbele yake, akatoa nyingine. Kwanza alimwonya, kwa maneno yote ambayo sheria inadai: kwamba halazimiki kusema, kwamba atakayosema yanaweza kutumika dhidi yake, kwamba mjumbe wa bodi aliyesaini karatasi tupu anaweza kuulizwa na mahakama alikuwa analinda nini. Mama Nesi alikubali kwa kichwa akasema andika.

Akaandika. Ilichukua karibu saa nzima. Kitabu, kalamu, karatasi kumi na mbili, karatasi namba arobaini na sita ambayo mpaka leo Mama Nesi hakuwahi kuiona ikiwa na maneno. Koplo alirudi na glasi ya maji, akakaa. Inspekta alipofika mwisho alisita, akamwangalia yule mama na mikono yake iliyochoka, akaongeza sentensi moja ya huruma, ambayo wakili yeyote angeishukuru. Kisha akamgeuzia fomu.

"Saini ni hapa chini."

Mama Nesi alivaa miwani.

Alisoma kwa sauti, toka jina lake mwenyewe, neno kwa neno, kidole chini ya kila mstari. Alirekebisha tarehe moja. Alitaka "tulicheka" ibaki palipokuwa. Koplo alitazama saa ya ukutani: saa tisa na nusu. Muda ulikuwapo. Inspekta tayari alikuwa anauona uso wa mwendesha mashtaka, na mlango wa mahabusu ukifunguka, na Shangazi akitoka na bendeji zake.

Sauti ya Mama Nesi ilisimama.

"Hii ya mwisho ni ya nani?"

"Ipi, mama?"

"'Sikujua kwamba mlango wa nyuma ulikuwa unafungwa kwa kufuli.'"

"Ni ya kukukinga. Hukuwa na vikao, hukuwahi kufika bwenini. Ungejuaje?"

Mama Nesi aliweka kidole juu ya sentensi ile na hakukiondoa. Alitazama picha iliyokuwa juu ya kabati.

"Alikuja hapa," alisema. "Mwezi wa tano, siku mbili tatu baada ya kufuli kuwekwa. Alikaa hicho hicho kiti ulichokalia wewe. Akaniambia, mama, wamewafungia watoto, siku kukitokea jambo watafia ndani. Hayo ndiyo maneno yake."

Inspekta alimkumbuka Shangazi na yale macho yaliyong'ang'ania bendeji. Huyo mwacheni. Amenifaa sana.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamjibu mambo ya kazi yana njia yake. Nikamwambia aandike barua, ampe katibu, itasomwa kwenye kikao." "Kikao kipi? Nilikuwa najua hakuna kikao. Nilikuwa nimeshavisaini vyote. Nilimtuma mtoto wangu apeleke barua mahali ambapo hapana mtu. Na barua aliandika, maana siku zote hunisikiliza. Kaulize, utakuta katibu aliipokea."

"Baadaye ulimuuliza imefikia wapi?"

Mama Nesi alichukua kalamu, akaikata ile sentensi kwa mstari mmoja ulionyooka, jinsi wauguzi wanavyokata kosa kwenye faili la mgonjwa ili kilichokuwa chini kiendelee kusomeka. Juu yake akaandika kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa, za shule: Nilijua. Niliambiwa. Sikuuliza tena.

"Mama," koplo alisema, "hayo si lazima. Afande, mwambie si lazima. Yale ya mwanzo yanatosha kumtoa Shangazi."

Inspekta alijua kwamba yanatosha. Alijua pia kwamba sentensi zile tatu zingempandisha mwanamke huyu kizimbani pamoja na wajumbe wale wanne wa bodi, na kwamba yeye ndiye atakayezibeba mpaka kwa mwendesha mashtaka kwa mikono yake.

Mama Nesi alisoma tena toka juu, safari hii kimya, midomo ikitembea. Alipofika chini alisaini polepole. Mkia hakuuvuta.

"Kesho saa tatu?" aliuliza.

"Saa tatu, mama. Tutakuja kukuchukua."

"Msije. Nitakuja kwa miguu yangu." Alivua miwani akaifuta kwa pindo la nguo, ingawa ilikuwa safi. "Niambie kitu kimoja tu, mwanangu, ili nijiandae. Nikifika pale nikae upande gani? Kwenye benchi la mashahidi, au lile jingine?"